Musimusalimie Golikipa

Kama ulikosa gazeti ya wiki ile ingine, kaa hapa karibu nikuambie mbio mbio, juu mambo ya leo hayangojei.

Mi ni Vainqueur. Nilimaliza shule, diplome Mama akaitundika kwa ukuta, kazi hakuna. Nikapata fasi ya golikipa wa pili kwa Tonnerre ya Carama, timu ya daraja ya kwanza hapa Burundi. Golikipa wa pili ni mutu wa kukaa kwa benchi na glavu safi.

Siku moja nilichelewa kutoka Uvira, kwa Mama. Frontière, mupaka ya Congo na Burundi, ilijaa watu. Nikafika stade wenzangu wanaingia kwa kiwanja, na hakuna mutu aliyenisalimia. Si kwa ubaya, hawakuniona tu. Siku ile tukapiga timu yenye Tonnerre haijawahi kupiga tangu izaliwe.

Mechi yenye ilifuata nikawahi. Nikasalimiana na wote vizuri, mukono ya kushoto imeshika kiwiko, na habari za nyumbani juu. Tukapigwa vibaya sana.

Njo kapiteni wetu, Astère, akafanya hesabu yake.

"Petit," akaniambia, "wewe si mubaya. Ni salamu yako njo mubaya."

Sheria ikawekwa. Vendredi jioni, siku ya Ijumaa, tukishaingia ile nyumba ya Carama yenye timu inafungiwa mbele ya mechi, hakuna mutu wa kunisalimia. Hakuna wa kunisemesha, hakuna wa kunijibu. Mpaka filimbi ya mwisho.

Tukaanza kushinda. Tukashinda, tukashinda. Hapo njo niliachia ile wiki.

Sasa watu wamenisimamisha kwa njia, wananiuliza: Vainqueur, juu ya nini ulikubali? Hauna kinywa?

Niko na kinywa. Nitawaambia ukweli, hata kama si muzuri.

Mbele ya ile sheria, nilikuwa ninasalimiwa na wote na hakuna mutu alikuwa ananiona. Sasa hakuna mutu ananisalimia, na wote wanajua fasi niko. Nikiingia salon, kimya. Nikisimama, wanahama. Mutu kama mi, mwenye hajagusa mupira musimu muzima, nilikuwa kitu. Unaelewa?

Na Astère aliniahidi. "Siku ya ubingwa," alisema, "mi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukuita jina, katikati ya kiwanja, watu wote wasikie."

Nililala na ile neno kama mutoto na nguo ya Noeli.

Lakini inakula mutu. Kwa meza nikitaka chumvi, ninanyoosha mukono, mutu anaisukuma bila kuniangalia. Nikipiga chafya, hakuna wa kuniambia kitu. Siku moja nilisema jambo ya kuchekesha kabisa, nikaona mabega ya Loïc yanatetemeka, amejifunika na serviette. Loïc njo golikipa wa kwanza, rafiki yangu. Akacheka kwa serviette, akaenda.

Nilifika kusemezana na mujusi wa douche, fasi ya kuoga. Naye alikuwa anakimbia.

Mutu mumoja tu alikuwa ananisemesha samedi, siku ya mechi. Mama.

Mama yangu, Mwavita, anauzisha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwa soko ya Uvira. Samedi asubuyi, mbele apange meza yake, ananipigia simu. Mi ninajificha nyuma ya nyumba.

"Wamekusalimia?"

"Apana, Mama."

"Basi mi nitawasalimia kwa fasi yao. Jambo Vainqueur."

"Jambo Mama."

"Hiyo ilikuwa ya Loïc. Sasa ya Mirindi. Jambo mukubwa, umelala muzuri?"

Mirindi ni ule mwenye anatunza manguo na mipira ya timu. Mama hajawahi kumuona, lakini anamufanyia sauti nzito, na mi ninajibu, "Jambo Mirindi, nimelala." Tunaenda hivyo timu nzima. Kocha, anamupa sauti ya pua. Astère anamuweka wa mwisho, na kwa Astère anakohoa kwanza kama chef.

Nikikata simu niko mutu tena. Ninaweza kukaa kwa benchi.

Basi, mechi mbele ya ile ya mwisho, tulienda Ngozi, tukatoka sare. Ndani ya bisi, filimbi imeshapita, sheria imelala, Astère akasimama katikati.

"Leo nani alisemesha Vainqueur?"

Watu wakaangalia madirisha.

"Petit, nani?"

Sijui kudanganya mutu mwenye ananiangalia machoni. Zaidi mutu mwenye hajaniangalia tangu jana.

"Mama," nikasema. "Kwa simu."

"Leo tu?"

"Samedi zote."

Loïc akacheka kwa nguvu. "Si umeona, kaka Astère? Mama yake anamusalimia samedi zote, na tulikuwa tunashinda. Ile sheria yako haina maana. Mumuachie."

Nikasikia moyo inafunguka kidogo.

Astère akawaza. Akakaa, akawaza tena.

"Apana," akasema. "Tulikuwa tunashinda kwa bahati. Na sasa bahati imechoka. Mechi ya mwisho, simu pia inafungwa."

Watu wakaitika. Hata kocha, na kocha alisoma.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Rapide ya Port, vijana wa Zone Industrielle. Tukishinda, Tonnerre ni bingwa wa Burundi. Tukitoka sare, bingwa ni wao.

Jeudi, siku mbili mbele ya mechi, Mama akapiga. Haikuwa saa yake.

"Tumbo inanikata," akasema. "Tangu dimanche. Dada yako Patricia amenileta hopitali. Docteur anataka kupasua."

"Kupasua lini?"

"Samedi asubuyi. Usiogope. Mbele niingie nitakupigia, kama siku zote. Niko na neno ya kukuambia."

"Sema sasa, Mama."

"Sasa niko na maumivu. Neno yenyewe si ya maumivu. Samedi nitakuwa nimetulia. Nikusalimie kwa fasi ya timu, halafu nikuambie, halafu niingie."

Nilipaswa kumuambia: Mama, samedi hii simu yangu itafungwa. Neno ilikuwa hapa kwa ulimi. Nikasema, "Sawa, Mama."

Nilijiambia nitaomba Astère. Ni mama, ni hopitali, Astère si munyama wa pori.

Vendredi jioni Mirindi akapita na mufuko kubwa ya mipira, ile ya kamba. Ndani simu za wachezaji wote, juu Astère alisema hakutakuwa upendeleo. Chakula ilikuwa haijaletwa. Sheria ilikuwa haijaanza. Ningeweza kusema.

Nikaangalia Astère. Astère akanitabasamia.

Si kicheko ya kapiteni kwa golikipa wa pili. Ni ile ya kaka kwa mudogo wake. Akagonga kifua mara moja, akanionyesha kidole, maana yake: kesho, wewe, katikati ya kiwanja.

Nikaachilia simu ikaanguka ndani ya mufuko.

Hakuna mutu alinilazimisha. Mwenye anataka kunihukumu, aanzie hapo.

Samedi asubuyi tuko kwa meza, chai na mukate, mufuko iko kwa kona ya salon. Simu ikalia.

Wote waliijua. Sauti ya simu yangu ni wamama wa kwaya ya kanisa ya Mama, nilirekodi mwenyewe. Sauti ya Mama iko ndani, ya juu juu, inawahi wengine.

Wamama wakaimba. Wanaume wakaangalia chai.

Ikakatika. Ikaanza tena.

"Kuna simu inalia," Loïc akasema. Hakuniangalia. Aliambia mukate.

"Simu nyingi zinalia," Astère akasema.

Nikasimama. Kiti ikaanguka nyuma yangu.

Astère hakunisemesha, sheria ni sheria. Aligeukia Mirindi. "Mirindi, umuambie ule mwenye amesimama: akigusa ile mufuko, akamate na nguo zake aende kabisa."

Mirindi akamuangalia, akaniangalia, akakuna kichwa. "Kapiteni, namna gani nitamuambia? Hata mi sina ruhusa ya kumusemesha."

Siku ingine ningecheka. Siku ile hakuna aliyecheka, na mi nikaokota kiti nikakaa. Ndiyo. Nilikaa.

Mirindi akabeba mufuko, akatoka nayo inje. Wamama wakaendelea kuimba ndani ya kiwanja ya nyumba, wanaenda mbali, mbali, halafu wakanyamaza.

Kwa dirisha nikaona Mirindi na simu yangu kwa sikio. Anasikiliza. Akatoa kofia.

Akarudi, akainamia Astère kwa sikio. Astère akatoka. Nikamuona naye na ile simu. Alisema maneno machache tu, amegeuzia dirisha mugongo. Akarudi kwa meza, akakamata kikombe, akaiacha.

Akaniangalia. Musimu muzima alikuwa anapitisha macho juu yangu kama niko kabati. Sasa aliniangalia.

Nikamuuliza na mikono: nini? Akainamia chai.

Kwa mulango ya stade, kule Rohero, kuna Fatouma mwenye anauzisha karanga. Siku zote Mirindi anatangulia mbele yangu anaambia watu, "Huyu musimusalimie, musimusalimie golikipa." Siku ile Mirindi alikuwa nyuma, kichwa chini, amesahau kazi yake.

"Amahoro, Vainqueur," Fatouma akanisalimia.

Timu nzima ikasimama. Kama mutu amekanyaga nyoka.

Mi sikujibu. Nikapita.

"Ee," nikamusikia nyuma yangu. "Mutoto amekuwa mukubwa, hatusalimii tena watu wa karanga."

Nilitaka kurudi nimuambie, mama, sina mutu mwingine leo, rudia tena. Nikaingia.

Mechi yenyewe sitawapikia. Kipindi ya kwanza Astère akafunga na kichwa. Moja bila. Mi kwa benchi, viti viwili wazi kila upande, juu hata wenzangu wa benchi walikuwa wanaogopa kunikaribia. Nilikuwa ninaambia Mungu mambo mengi, na hata Yeye siku ile alikuwa upande wa Astère.

Kipindi ya pili ilikuwa ingali changa, Loïc akaruka na mushambuliaji wao, akaanguka juu ya goti. Tulisikia ile goti mpaka benchi.

Kocha akageuka. Akanionyesha kidole. Kinywa ikafunguka, akakumbuka, akaifunga. Akapiga makofi tu.

Hivyo njo niliingia mechi yangu ya kwanza ya daraja ya kwanza. Kwa makofi, kama kuku anafukuzwa.

Loïc walikuwa wanamubeba. Nikapita karibu, akanishika mukono, kwa nguvu, machozi inatoka, sijui kama ni ya goti.

"Vainqueur," akasema. "Mama yako..."

Astère akamuziba kinywa. Na ule mukono wenye kitambaa ya ukapiteni. Akamuziba mpaka wabebaji wakapita.

Akaniangalia. Akatingisha kichwa polepole: bado. Halafu akarudi fasi yake.

Ndugu musomaji, umeshasimama kwa goli? Goli ni nyumba bila mulango. Ningetoka tu. Hakuna wa kunizuia, hata wa kuniita nirudi hakuna, sheria inamukataza. Ningetembea mpaka kwa barabara, nikamate gari ya Gatumba, niko Uvira mbele ya giza.

Nikabaki. Nilijiambia filimbi njo simu. Nikikamata mipira yote, saa itaenda mbio.

Kona ya kwanza ikaja. "Yangu," nikalia. "Yangu." Astère hakujibu, na hakuhama, juu kuhama pia ni kujibu. Tukagongana vichwa. Mupira ikapita pembeni ya muti ya goli, watu wa Port wakashika vichwa vyao.

Tuko chini wote wawili. Karibu sana, ninasikia pumzi yake. "Niambie," nikasema. "Anaishi?"

Akasimama, akajipangusa.

Lakini baada ya hapo akapata akili. Kona ya pili ikaja, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu: kamata. Nikakamata. Mupira ingine, makofi mbili: acha, nitaondoa. Nikaacha. Na mi nikamujibu kwa glavu. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, yeye na mi, makofi na makofi. Na haya ya kusema, lakini nitasema: ilikuwa tamu. Kati ya ile woga yote kulikuwa dakika nilisahau Mama. Mutu alikuwa ananijibu.

Mupira ya mwisho ilitoka mbali, juu, jua ndani ya macho. Makofi moja. Nikaruka, nikaikumbatia, nikaanguka nayo, nikakataa kusimama. Filimbi.

Tonnerre ya Carama ni bingwa.

Watu wakaruka vibao vya pembeni ya kiwanja. Wachezaji wakakimbia, wakaangukiana. Kocha wakamutupa juu. Loïc wakamuleta na goti yake.

Mi nilikuwa ningali chini na mupira. Nikangoja. Sheria imeisha, si ndiyo? Filimbi imelia. Wote walikuwa na ruhusa ya kuniita.

Hakuna aliyekuja.

Mumoja aliangalia upande wangu, akageuka haraka. Mwingine vile vile. Hapo njo nilielewa: wote wanajua. Na wa kwanza kuniita jina njo wa kuniambia.

Astère akatoka kwa kundi. Akaja polepole, kiwanja nzima, Mirindi nyuma yake na mufuko ya kamba. Watu wa pembeni wakamupigia kelele ya furaha. Akafika katikati, kama alivyoahidi. Akasimama.

"Vainqueur," akaita. Kwa sauti, watu wote wakasikia.

Nikasimama, nikaenda mpaka fasi yake. Musimu muzima niliingoja ile neno.

"Kapiteni," nikasema, "tafazali. Nyamaza kidogo tena."

Akanyamaza. Nilimuona amefurahi kunyamaza. Mirindi njo akasema, macho kwa majani.

"Ni dada yako alipiga. Mama alikuwa mbele ya mulango ya kupasuliwa. Alikataa kuingia mpaka asikie sauti yako. Docteur anamuita, yeye anasema, apana, mutoto wangu atasema nami kwanza."

"Na ninyi mulimuambia dada yangu nini?"

Mirindi akaangalia Astère.

"Nilimuambia unalala," Astère akasema.

"Ninalala."

"Nilisema umechoka sana, usiamushwe. Nilisema utapiga baada ya mechi. Petit, kulikuwa ubingwa."

"Akaingia?"

"Sijui. Nilikata."

Kofia ya Mirindi ilikuwa tena mukononi. Nilitaka kumupiga Astère, mikono yangu iko ndani ya glavu, zimenona, hazikunji ngumi. Nikabaki hivyo nimemunyooshea glavu kama mutu anaomba mupira.

Ndani ya mufuko, wamama wakaanza kuimba.

Tulisimama watatu tunasikiliza. Ile sauti ya juu juu ikawahi wengine.

Nikavuta glavu na meno. Nikatafuta kati ya simu za watu mpaka nikaipata. Nilifikiri nitaona jina ya Patricia.

Iliandikwa: Mama.

Nikabonyeza.

"Mama?"

Hakuna aliyejibu. Lakini haikukatika. Kulikuwa mutu. Mutu alikuwa anapumua, au analia na mukono kwa kinywa, stade ilikuwa na kelele mingi, sikujua.

"Mama, sikulala," nikasema. "Si kweli, sikulala."

Pumzi.

Nikakaa chini kwa majani, nikaziba sikio ingine na ile glavu.

"Jambo Mama," nikasema. "Hiyo ni ya Loïc. Goti inamuuma lakini anakusalimia. Sasa ya Mirindi." Nikafanya sauti nzito. "Jambo mama, umelala muzuri?"

Nikangoja. Nikaenda kwa kocha, kwa pua. Nikapita timu nzima, mumoja mumoja, na kwa kila mumoja nikangoja.

Akabaki wa mwisho. Nikainua kichwa. Astère alikuwa amesimama juu yangu, analia kama mutoto, kitambaa ya ukapiteni imeteremuka mpaka kwa kiganja.

Nikamunyooshea simu.

"Wewe jisalimie mwenyewe," nikamuambia.

Akaipokea na mikono miwili. Akaweka kwa sikio. Akakohoa kwanza.

"Jambo Mama Vainqueur," akasema.

Na hapo njo upande ule mutu akasema kitu. Sikusikia ni nini. Niliona tu uso ya Astère: machozi ingali inatoka, na kinywa ikaanza kucheka.